Mitungi iliyosubiri watu wa Kumsenga

Kasulu, Jumapili, mwezi wa tatu. Mvua ilianza kuku hawajatoka bandani, ikakata saa nne asubuhi, na tangu hapo ni ukungu tu. Nguo nilizofua jana bado zinachuruzika.

Wakuu, kama yupo humu aliyenizidi umri, shikamoo yake. Wengine wote, marahaba.

Mimi ni mama wa miaka sabini na kitu. Nimesoma mpaka darasa la nne, basi. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo mnivumilie.

Nina kawaida tangu ujana ya kuandika mambo ya siku: mvua ilivyonyesha, nani amepita, tumekula nini. Si mambo ya maana. Haya nitakayosema mengine niliyaandika wakati ule, mengine yako kichwani tu, na ya kichwani siyaamini sana. Nisipokumbuka nitasema sikumbuki. Nikimsema mtu, nitajaribu kumsema kama angekuwa amekaa hapa ananisikiliza.

Nimeingia humu kwa sababu ya uzi wa yule dada aliyeuliza ale nini ili maziwa yatoke, amejifungua karibuni. Mmemjibu vizuri. Supu, mtori, uji wa lishe, karanga, maji mengi, apumzike. Nimesoma komenti zote mpaka bando likaanza kulalamika. Hakuna aliyekosea.

Ila hakuna aliyemuuliza: dada, nani anakupikia?

Ndiyo maana nimefungua uzi wangu. Wake nisiuharibu, maana habari yangu ni ya huzuni. Mwenye mimba ambaye moyo wake ni mwepesi, aiache leo, aisome mwakani.

Nilizaliwa Kumsenga, upande wa Kibondo, ng'ambo ya mto Malagarasi. Nikaolewa Nyakitonto, huku Kasulu. Mume wangu alikuwa Filipo, mtu mpole, mkulima.

Ilikuwa katikati ya miaka ya sabini. Tulikuwa tumehamishiwa kijijini kwenye ile operesheni, hata mwaka haujaisha. Kwa vijana wasiojua: watu walitolewa kwenye migomba yao walikokuwa wakiishi mmoja mmoja, wakapangwa kwa mistari, nyumba inatazama nyumba, njia katikati.

Sisemi yote yalikuwa mabaya. Zahanati ilisogea karibu, na wadogo zake Filipo walipata shule. Lakini mtu anahamishwa kwa siku moja, mgomba hauhami. Migomba yetu ilibaki kule, mbali, na ulezi wetu ulibaki kule. Shamba jipya lilikuwa halijatoa kitu cha kuitwa mavuno.

Sasa nieleze mila, maana bila hiyo hamtanielewa, mtadhani watu wa kule walikuwa na roho mbaya.

Kwetu mama akijifungua anakaa kiriri. Kiriri ni kitanda cha mzazi, kinawekwa pembeni ya moto. Hapiki, hachoti maji, hashiki jembe. Anaoshwa, anakandwa, analala, ananyonyesha. Na watu wanamhemba.

Kuhemba ni kumletea mzazi vyakula vya kumrudishia damu na nguvu. Uji wa ulezi, maharage yaliyoungwa kwa mawese, ndizi, dagaa wa ziwani kama wapo, na mtungi wa pombe ya ndizi ile changa, tamu, ambayo haijakolea. Mzazi wa kwetu alikuwa anakula kuliko mtu anayelima barabara.

Lakini ina utaratibu. Wa kwanza kuhemba ni watu wa kwao mwanamke. Mama yake anakuja na mtungi na kikapu, yeye na dada zake, wanaimba tangu njiani. Wakishapokelewa, ndipo majirani nao wanaleta vyao. Jirani akitangulia, ni kama amesimama njiani akatangaza: huyu mwanamke hana kwao, ametupwa. Ni tusi kwake na kwa waliomwoa.

Huenda koo nyingine hazikuwa hivyo. Mimi nazungumzia pale kwetu.

Na huko nyuma kwenye migomba haikuwa shida. Jirani yako alikuwa wifi au shangazi. Alipita kwa nyuma na bakuli chini ya kanga, akaliweka, akaondoka. Aliyeona nani? Watu wa kwenu wakifika baadaye wanaimba, wanakuwa wa kwanza, na wewe umeshakula.

Kwenye mstari hakuna kupita kwa nyuma. Nyuma ya nyumba yako ni mbele ya nyumba ya mwingine.

Hilo ndilo lililotupata, wakuu. Nimelifikiria miaka mingi na bado sijui kama nalifikiria sawasawa.

Nilijifungua mtoto wa kike, wa kwanza wangu, tukamwita Tereza. Mama mkwe alinizalisha yeye mwenyewe, akisaidiwa na jirani wa mkono wa kulia, Mama Bukuru, aliyekuwa na mapacha. Mvua ilikuwa inanyesha. Mtoto alilia vizuri, kwa nguvu. Hilo niliandika.

Mama mkwe kwa Kiha ni mabukwe, na mimi nitamwita hivyo. Watu walimsema sana baadaye. Naomba nimtendee haki.

Alinikanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni. Alinifunga tumbo. Aliniwekea kitambaa cha moto kifuani ili maziwa yafunguke. Alinikataza kuinama, kusonga, hata kufagia. Nyie mnaoambiwa leo mama mzazi apumzike, mimi nilipumzishwa kama malkia. Chakula ndicho kilikuwa hakuna.

Siyo hakuna kabisa. Kulikuwa na unga wa muhogo. Kulikuwa na majani ya maboga, yakichemshwa kwa chumvi, bila mafuta. Uji wa mahindi mwepesi, unaona mpaka chini ya kikombe. Vyote alinipa mimi kwanza.

Filipo alituma salamu Kumsenga kwa mwuza nguo mmoja, Mwislamu wa hapa Kasulu mjini, aliyekuwa anakwenda Kibondo na baiskeli. Mwungwana yule alifika na salamu alizifikisha. Nasema hivyo kwa sababu siku zile tulimlaumu bure.

Tukakaa kusubiri.

Majirani walikuja kunisalimia kila siku, mikono mitupu. Kusalimia inaruhusiwa. Walikaa kwenye mkeka na vitoto vyao, nyumba ikajaa vicheko. Mama Bukuru ndiye aliyekuwa na mdomo. Alinisalimia kwa Kiha:

"Mwakeye, mzazi. Wa Kumsenga bado tu?"

"Bado, mama."

"Kwa mvua hii! Watafika wameota uyoga masikioni."

Tukacheka.

"Mimi mtungi wangu uko tayari," akasema. "Nimeufunika vizuri. Lakini wakichelewa zaidi ya hapo utaanza kuongea wenyewe, na mume wangu masikio yake ni makali kwa sauti ya mtungi."

"Mumeo angesikia pombe hata ikiwa bado ndizi," mwingine akamwambia.

Nilicheka mpaka tumbo likauma. Lilikuwa linauma kwa njaa pia, sikujua ni lipi ni lipi. Kisha waliinuka, wakanitakia heri, wakaenda kupika. Nyumba zinatazamana, kumbukeni. Jioni moshi wa jiko la Mama Bukuru uliingia kwetu na harufu ya maharage yake.

Hakuwa na roho mbaya. Alikuwa ananiheshimu.

Siku za mwanzo maziwa yalitoka. Halafu yakapungua. Sijui kuelezea vizuri. Tereza alivuta, akaachia, akalia, akarudi, akavuta tena, akaachia. Mimi nilikunywa maji mengi nikidhani nitayadanganya matiti. Yalidanganyika kidogo.

Kilio chake kikawa chembamba. Yeyote aliyewahi kukisikia kilio hicho anakijua, na ambaye hajakisikia, Mungu amwepushie.

Mabukwe aliniuliza, "Umemkasirikia nani?"

Kwetu waliamini hasira ya mzazi inakausha maziwa. Nikamwambia sijamkasirikia mtu. Lakini baada ya hapo nilianza kujichunguza. Nilimtafuta moyoni huyo niliyemkasirikia. Nilipata kwamba namkasirikia mama yangu. Kisha nikaogopa kwamba kweli ni mimi ninayemkausha mtoto. Mpaka leo mtu akinieleza kwa kitaalamu kwamba wasiwasi nao unazuia maziwa kushuka, nanyamaza. Labda Mabukwe alikuwa karibu na ukweli kuliko nilivyotaka.

Filipo ndiye aliyechoka kwanza. Alisimama mlangoni, ameshika kofia.

"Mama, niende kwa Mama Bukuru. Maharage tu, kibakuli."

"Kuhembwa hakuombwi," Mabukwe akasema. "Ukiomba leo, kesho watasema tumeoa mwanamke wa kuokota njiani."

"Waseme."

"Watamsema yeye, siyo wewe. Ndiye atakayeishi nao."

"Mama, mtoto..."

"Watu wake wako njiani, Filipo."

Akanitazama mimi. Alitaka niseme neno. Nikamwambia, "Usiende." Nilikuwa na miaka kumi na minane na sikutaka kuitwa wa kuokotwa. Basi akavaa kofia yake akaenda kufungua mfereji wa maji nyuma ya nyumba, ingawa ulikuwa wazi.

Tulimpeleka mtoto zahanati. Dada wa pale alimpima, akampima tena.

"Unakula nini?" akaniuliza.

"Ugali, dada. Na majani."

"Mama anayenyonyesha anakula kwa watu wawili. Maharage, mayai, maziwa, samaki, matunda. Umesikia?"

"Ndiyo, dada."

"Sema nilivyosema."

"Maharage, mayai, maziwa, samaki, matunda."

"Kweli hamna maharage huko kwenu?"

Ningemjibu nini? Kwamba yapo, nyumba ya pili, yamechambuliwa, yanasubiri mama yangu avuke mto? Nilisema, "Yapo, dada." Akaniona mvivu au mjinga. Sina neno naye. Alichosema kilikuwa sahihi, na ndicho mlichomwandikia yule dada humu.

Tuliporudi, Mabukwe alifanya kitu ambacho sijakisahau. Kwao wanawake walikuwa hawali mayai. Tulikuwa na kuku mmoja tu, wa kutagia. Alichemsha yai, akalimenya, akanipa, akageuka ukutani.

"Kula," akasema. "Mimi sioni."

Nikala. Halikuwa na ladha yoyote ninayoikumbuka.

Nimejiuliza mara nyingi. Aliwezaje kuvunja mwiko wa yai asiweze kuvunja ule wa majirani? Nafikiri ni kwa sababu yai lilikuwa ndani ya nyumba. Aliweza kugeuka ukutani. Mstari mzima huwezi kuugeuza ukutani.

Halafu niliona kitu kingine, kwa bahati. Alikuwa anasema anakula shambani. Nilitoka nje kidogo kwa haja, nikamkuta jikoni anakomba chungu kwa kidole, kisha akakisuuza kwa maji, akanywa yale maji. Sikumwambia kwamba nimemwona. Tangu hapo kila nilichokula nilikila kama nakiiba.

Sasa huyu wa mwisho ninayetaka kumtaja.

Mwisho wa mstari wetu, ng'ambo ya njia, alikaa mwanamke aliyeitwa Anastazia. Alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, alivuka na vita vya miaka ile, mumewe hakuvuka naye. Alikuwa na mtoto mmoja mdogo. Kirundi na Kiha ni ndugu, tulielewana vizuri, ila watu walimwita "yule wa kuja", na alikuja kunisalimia mara moja tu, akakaa karibu na mlango. Alimtazama Tereza kwa muda mrefu.

Asubuhi moja tukasikia mtu anaimba njiani.

Ulikuwa ule wimbo wa kuhemba. Lakini sauti moja peke yake, tena ndogo, kama mtu anayejaribu tu. Wimbo ule ni wa kuitikiana, kwa hiyo alikuwa anaimba, halafu anajiitikia mwenyewe.

Majirani walitoka milangoni. Mabukwe akatoka. Mimi nilichungulia nikiwa kwenye kiriri, mlango ulikuwa wazi. Anastazia amesimama kwenye manyunyu, mtoto mgongoni, mtungi wa uji kichwani, kikapu mkononi.

"Nani hao?" Mabukwe akauliza.

"Ni sisi. Watu wa Kumsenga."

Kila mtu pale alijua nyumba yake ni ile pale, inaonekana.

"Kumsenga ni mbali," Mabukwe akasema taratibu. "Mto umejaa. Mmevukaje?"

"Sisi tumevuka mito mingi, mama."

"Mko wangapi?"

"Tuko hivi unavyotuona."

Nilimwona Mabukwe mgongo tu. Sijui uso wake ulikuwaje. Halafu akanyoosha mikono yote miwili, kama inavyotakiwa kupokea cha wakwe, akautua ule mtungi.

"Karibuni, wakwe zetu," akasema. "Poleni na njia."

Hapo Mama Bukuru alipiga kigelegele. "Kumbe wamefika! Na mimi shingo imekauka kutazama njia ya Kibondo, kumbe wametokea njia ya chooni!"

Kicheko kile kilizunguka mstari mzima. Na ilikuwa kama kamba imekatwa. Kabla ya mchana nyumba ilijaa. Maharage, viazi, ndizi, dagaa wamefungwa kwenye jani, mawese kwenye kibuyu. Mama Bukuru alileta mtungi wake, akaufunua, uso ukamshuka. Ulikuwa umechacha. Na wa jirani wa pili pia. Walikuwa wameitayarisha tangu siku ya kwanza.

"Hii sasa ya wanaume," akasema, na hakucheka. Akainamisha kichwa. Nafikiri ndipo alipoelewa ni muda gani umepita.

Nilikula. Wakuu, nilikula nikilia, na Mabukwe alikula pia, amekaa pembeni yangu. Ule uji wa Anastazia ulikuwa wa ulezi. Sikuuliza aliupata wapi. Mkimbizi mwenye kipande kidogo cha shamba la kupewa, ulezi ule ulikuwa ndiyo mbegu yake. Nilikuja kujua msimu uliofuata, alipokwenda kuomba mbegu.

Maziwa yalirudi. Niliamka nguo imelowa kifuani. Nilimwita Mabukwe aone.

Tereza alinyonya. Lakini alinyonya kama mtu aliyeitwa mezani wakati usingizi umeshamchukua. Anavuta kidogo, analala. Anavuta, analala. Mwili ukawa wa moto. Tulimrudisha zahanati, akapewa dawa, tukarudi naye.

Alifariki mchana, kuna jua. Maziwa yalikuwa mdomoni mwake.

Sitaandika zaidi hapo.

Ila niwe mkweli kama nilivyoahidi. Sijui kama ni njaa iliyomwua. Yule dada wa zahanati alisema huenda ni kifua, watoto wengi waliugua kifua msimu ule, hata wa mama walioshiba. Siwezi kusimama mbele ya mtu nikasema njaa ilimwua mwanangu. Ninachoweza kusema ni kwamba njaa ilikuwepo. Na chakula kilikuwepo, umbali wa kuitana.

Wale wale waliokuja kunihemba walirudi kuomboleza. Matiti hayajui msiba, yaliendelea kujaa. Mabukwe alinifunga kwa kanga kwa nguvu, akanikamua kidogo kidogo ili nisipate jipu. Kila akikamua alisema, "Samahani, mwanangu." Sijui alikuwa anaombea samahani maumivu au nini. Nilijibu, "Si kitu, mama."

Sijamaliza, ningependa kumaliza hapo.

Mvua ikapoa. Mto ukashuka. Siku moja tukasikia wimbo, kutokea njia ya Kibondo.

Safari hii zilikuwa sauti nyingi. Mama yangu, dada yake, na wadogo zangu wawili. Wimbo ule ule, wanaitikiana, wanacheza na mizigo kichwani. Njiani hawakukutana na mtu wa kuwaambia.

Watu walitoka milangoni kama siku ile. Wote walijua. Na kila mmoja alimtazama mwenzake, nani atangulie kuwaambia? Mabukwe ndiye aliyepaswa, kwa mila. Lakini alibaki ameshika mhimili wa mlango. Filipo alikuwa shambani. Na wale wanakaribia, wanaimba.

Anastazia alitoka kwake akavuka njia. Alimfikia mama yangu, akanyoosha mikono, akamtua kikapu kichwani, akakiweka chini palepale, katikati ya njia.

Kikapu cha kuhemba hakitui njiani. Kinatua mlangoni mwa mzazi.

Sauti ya mama ilikatika katikati ya neno. Wadogo zangu waliitikia mara moja zaidi, kisha nao wakanyamaza.

Mama alikuwa amekaa ng'ambo ya Malagarasi, upande wa Kibondo, kwa watu asiowajua, akingoja maji yashuke. Kuna watu wenye nguvu waliokuwa wanavuka, wakamwambia, tupe kikapu tupeleke. Alikataa. Chakula cha binti yake apeleke mtu mwingine, yeye amekufa? Alikilinda kikapu kile na mvua kwa ngozi na majani ya migomba. Unga wa ulezi haukuwa umelowa hata kidogo. Karanga, dagaa, vyote vikavu.

Niliacha kumkasirikia siku hiyo. Ningemkasirikiaje? Alifanya kama sisi.

Baada ya hapo nilizaa wengine, wapo, wana wajukuu. Mabukwe aliishi miaka mingi. Na nimwandikie hili, ni haki yake: mwanamke yeyote akijifungua kwenye mstari wetu, Mabukwe alikuwa wa kwanza kuinuka. Hata damu ya uzazi haijakauka, yeye yuko njiani na bakuli, anaimba kwa sauti yake mbaya. Ukimuuliza nani huyo, anajibu, "Watu wa Kumsenga." Ikawa ndiyo desturi pale. Hakuna aliyeona ni tusi tena. Anastazia alikuja kupata uraia, akazeeka, akazikwa na mstari mzima. Watoto na wajukuu zake ni wafanyabiashara hapa mjini, wengine hawajui habari hii.

Sasa funzo, maana najua mtaniuliza. Sina elimu ya lishe. Waliosema maharage, dagaa, mboga za majani, uji, maji na usingizi, wamesema sawa, na kliniki asiache kwenda. Chuchu zikipasuka au ziwa likivimba aseme mapema, asione haya. Akiona maziwa yanapungua aseme, asijichunguze moyo peke yake kama mimi.

Mimi naongeza kwa sisi tulio nje ya kiriri. Kwenu labda siyo mtungi. Ni kusubiri wifi atangulie, au kusema sitaki kuonekana najipendekeza, au mama mkwe wake yupo, atapika. Huenda kila mmoja wenu ana mtungi umefunikwa na anangoja mwenzake. Nenda. Ukikosea utachekwa siku moja tu.

Huenda pia nimekosea kuyaleta haya kwenye simu. Wenye kujua mila za Kasulu na Kibondo kuliko mimi mnisahihishe, sitakasirika. Na wenye yenu kuhusu nani aliwapikia mlipojifungua, au nani hakuwapikia, yaandikeni hapa chini, nitasoma yote polepole.

Jioni hii tumekula ugali wa muhogo na dagaa wa mawese. Maharage niliyapika tangu mchana ila hatukuyala. Nyumba ya tatu kutoka hapa kuna binti mpangaji amejifungua juzi, mumewe dereva, yuko safarini. Nimempelekea yote pamoja na sufuria. Alishukuru, akasema nisijisumbue, mama yake yuko njiani anatoka Munanila.

Nikamwambia, vizuri, akifika akukute umeshiba.